Kivinjari Kizito, Mega Ghali: Mjadala kutoka Likasi

Ukurasa wa intaneti ukikaa nusu dakika bila kufunguka, mjini Likasi, Kongo, kuna majibu mawili yaliyo tayari. La kwanza: mtandao ni mbovu, kampuni za simu zinatuibia. La pili: simu yako imejaa takataka, ilete niisafishe. Yote mawili yanasemwa kwa uhakika mkubwa, na yote mawili watu wanayalipia. Nimeona ni haki yawekwe mbele ya wasomaji yabishane waziwazi, maana jambo hili linamgusa mwanafunzi anayetafuta matokeo ya Examen d'État, mama anayeuza vitenge kwa picha za WhatsApp, na kila anayenunua mega, yaani megabaiti za data, kidogokidogo kulingana na alichopata siku hiyo.

Sauti ni nne. Fundi anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda karibu na soko. Mzee alikuwa fundi umeme wa kampuni ya madini ya Gécamines kwenye viwanda vya Shituru, sasa ni mstaafu. Mwanafunzi yuko chuo kikuu na kazi yake ya mwisho anaiandika kwa simu. Mama anafanya biashara. Hawana majina kwa sababu kila mmoja anabeba maneno ya wengi. Nimewapanga mimi, na pale hoja inapohitaji kupanuliwa au kusahihishwa, nitaingia.

FUNDI: Nianze mimi, kwa kuwa simu zinaishia mikononi mwangu. Mtu anakuja amekasirika: "Rezo imekufa." Nafungua Chrome, natazama kile kiboksi kinachohesabu vichupo. Vikipita tisini na tisa, Chrome ya simu inaacha kuhesabu na kuweka alama ya uso unaocheka. Nakuta uso unacheka. Naingia kwenye hifadhi: imejaa karibu yote. Tovuti za kamari na za udaku zimepewa ruhusa ya kutuma arifa usiku na mchana. VPN ya bure imewashwa tangu mtandao ulipofungwa baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2018, mwenyewe ameshasahau kama ipo. Kila anachofungua kinazungushwa kwanza kwenye seva ya mbali ndipo kimfikie. Simu ya namna hiyo hata ukiipeleka Brussels itakokota. Narekebisha, mtu anaondoka akishukuru.

MZEE: Anashukuru kwa sababu ni saa nne asubuhi, mwanangu. Arudi kwako saa mbili usiku tumwone. Mtambo wa Mwadingusha kwenye maporomoko ya Lufira ulianza mwaka 1930. Mji huu umekua na umeme, na bado leo tunakatiwa kwa zamu. Mnara wa simu nao unakula umeme. Ukikatika, mnara unaishi kwa betri au jenereta, na kila aliyekuwa akitumia Wi-Fi nyumbani au kazini anarudi kwenye simu yake, wote kwenye mnara uleule, saa ileile. Kufunga vichupo kutafanya nini hapo? Na nyuma ya mnara kuna waya mrefu kuliko yote, ule wa baharini. Huo nao umekatika mara ngapi?

Hapo Mzee amegusa kweli inayostahili kufunguliwa. Kebo ya WACS, moja ya njia kubwa zinazoiunganisha Kongo na dunia, inatua Muanda, karibu na mdomo wa mto Kongo. Mbele ya mdomo huo, chini ya bahari, kuna bonde refu lililochongwa na mto wenyewe. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mwisho wa 2019, tope na mchanga viliporomoka ndani ya bonde hilo, vikasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari na kukata kebo za WACS na SAT-3. Agosti 2023 kebo hizohizo zilikatwa tena katika eneo hilohilo, na meli ya matengenezo Léon Thévenin ikawa kazini hadi Septemba. Lufira inayozungusha mitambo ya Mwadingusha inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo: maji ya huku nyumbani yamo ndani ya mto uleule unaokata kebo. Katanga ina mlango wake mwingine, nyuzi za mwanga zinazopita Kasumbalesa kuelekea Zambia na kusini mwa Afrika. Lakini mlango mmoja ukifungwa, mzigo unahamia kwenye ule mwingine, na mtu wa Likasi anauona mzigo huo kama duara linalozunguka kwenye kioo cha simu.

MWANAFUNZI: Papa mzee, Yaya fundi, nawaheshimu wote wawili, ila mmeacha kitu kimoja: ukurasa wenyewe. Vipimo vya wavuti duniani vya mwaka 2024 vinaonyesha kwamba ukizipanga kurasa kutoka nyepesi hadi nzito, ile ya katikati inapita megabaiti 2, hata inapofunguliwa kwenye simu. Tuchukue hiyo 2. Kampuni zinatangaza kasi kwa megabiti, na megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo ukurasa huo ni megabiti 16. Jioni nikipata megabiti moja kwa sekunde, nangoja sekunde 16. Simu ikianguka kwenye E, ile alama ya 2G, na nikabaki na sehemu ya kumi ya kasi hiyo, nangoja karibu dakika tatu. Na nilichokuja kusoma ni nini? Maneno elfu moja. Maneno elfu moja matupu hayazidi kilobaiti kumi kwa kiasi cha kunitisha. Kilobaiti elfu mbili zilizobaki ni picha kubwa, matangazo, video inayojianzisha yenyewe, na skripti za kunifuatilia niko wapi na napenda nini.

MAMA: Ninyi mnahesabu sekunde. Mimi nahesabu mega. Sekunde zikipotea, naendelea kuongea na wateja. Mega zikiisha, picha za vitenge hazimfikii mteja wangu wa Kambove, na siku imekwisha hapo. Kwa hiyo kila mtakachoniambia nibadilishe kwenye simu, mniambie na hili: kinapunguza mega au kinaongeza?

Kwa maoni yangu swali hili la Mama ndilo linalopaswa kuongoza mjadala wote. Ushauri mwingi wa kuharakisha kivinjari umeandikwa kwa watu wanaolipia intaneti kwa mwezi na kuitumia bila kuhesabu. Kwao kitu kizuri ni kile kinachookoa sekunde, basi. Likasi inapima kwa mizani miwili, na mara nyingi mizani hiyo haikubaliani. Aliyenunua kifurushi cha megabaiti 100 amenunua kurasa hamsini za aina ile aliyoihesabu Mwanafunzi, au pungufu kidogo.

Na maamuzi yanayomgusa hufanywa mbali naye. Chrome ya simu ilikuwa na hali ya kubana data: kurasa zilipita kwanza kwenye seva za Google, zikapunguzwa uzito, ndipo zikaja. Machi 2022 Google iliiondoa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba bei ya data ilikuwa imeshuka katika nchi nyingi. Siamini kwamba aliyeamua hivyo alikuwa na soko la Likasi akilini, na hilo linanisikitisha, kwa sababu waliokuwa wakiihitaji hali ile hawakuwa na njia ya kujua kwa nini ghafla mega zao zinakwenda mbio.

FUNDI: Sawa, tuanze na ninachofanya kila siku. Naingia kwenye «Effacer les données de navigation», nachagua muda wote, nafuta historia, vidakuzi, picha na faili zilizohifadhiwa. Simu inapumua.

MWANAFUNZI: Hapo unamgharimu Mama, Yaya. Faili zile zimehifadhiwa kwa ajili yake. Tovuti anayoifungua kila asubuhi ina nembo, herufi na skripti ambazo hazibadiliki. Kivinjari kinaziweka ndani ya simu ili kesho zisishushwe tena. Ukizifuta leo, kesho atazinunua upya.

FUNDI: Mbona wateja wanaona tofauti mara moja?

MWANAFUNZI: Kwa sababu hifadhi ilikuwa imejaa pomoni, na simu iliyojaa hainyanyuki. Ungefuta video za WhatsApp zilizojirudia mara tano tano, ungepata nafasi kubwa zaidi bila kugusa kivinjari.

MAMA: Na mimi niliposafishiwa simu, Facebook iliniomba neno la siri. Sikulikumbuka. Nilikaa siku nzima nangoja ile namba ya kuthibitisha iingie, na wateja wanauliza bei.

Hapa nasimama upande wa Mwanafunzi bila kusita. Kufuta kila kitu ndiyo huduma inayouzwa kuliko zote, na katika mji unaonunua mega ni huduma inayomtia mteja hasara mara nyingi. Kuna wakati wake: hifadhi ikikaribia kuisha, au tovuti fulani ikigoma au kuonekana imevurugika wakati nyingine zote ni nzima. Na hata hapo, kwenye mipangilio ya tovuti kivinjari kinakuruhusu kufuta data ya tovuti moja peke yake, nyingine zikabaki salama. Fundi akifanya hivyo, amefanya kazi ya fundi. Akifuta yote kwa kila anayekuja, hajatafuta ugonjwa.

MZEE: Ndiyo maana nawasikiliza nikitikisa kichwa. Mnabishana juu ya dawa na hakuna aliyepima. Shituru, pampu ikisimama, hatukukimbilia kuifungua. Tulikwenda katikati ya njia ya umeme: umefika hapa? Kama umefika, ubovu uko mbele. Kama haujafika, uko nyuma. Nusu iliyobaki unaikata tena katikati. Mara nne, mara tano, umeushika. Ukurasa nao unasafiri njia ndefu mpaka ufike kwenye macho yangu. Nipeni vituo vyake.

FUNDI: Kituo cha kwanza kinaonekana juu ya kioo. Kuna herufi: E, H, H+, 4G. Ikiwa E, usiguse kivinjari hata kidogo. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, uone kama 4G imeruhusiwa, kwa sababu kuna wanaoibana simu kwenye 3G au 2G ili betri idumu, halafu wanasahau. Kama imeruhusiwa na E imebaki palepale, toka ndani ya nyumba ya matofali, sogea, ujaribu tena.

MWANAFUNZI: Ikiwa 4G na ukurasa bado haufunguki, jaribu tovuti nyepesi. Wikipedia ya Kiswahili inafaa. Ikifunguka upesi, njia ni nzima. Ule ukurasa wa kwanza ndio mzito, au seva yake imezidiwa.

MZEE: Na nyepesi nayo ikikokota?

FUNDI: Ifungue kwenye dirisha la faragha, «navigation privée». Humo vidakuzi vya zamani havimo, na kwenye kompyuta viendelezi navyo kwa kawaida vinakaa nje. Ikienda vizuri humo, ubovu uko ndani ya kivinjari, na ni halali kuufanyia kazi. Isipokwenda, jaribu kivinjari kingine.

MZEE: Bado.

FUNDI: Zima VPN. Kwenye Android tazama na ile sehemu ya DNS ya faragha, huduma inayotafuta anwani za tovuti: mtu akiandika humo anwani isiyo sahihi, simu inaonyesha ina mtandao lakini hakuna kinachofunguka. Halafu washa hotspot, uunganishe simu ya pili kwenye laini ileile.

MZEE: Simu ya pili ikikimbia, ya kwanza ni mgonjwa. Zote mbili zikikokota, ni laini. Chukua laini ya kampuni nyingine, mahali palepale, dakika ileile, ulinganishe. Kisha urudie saa kumi na moja alfajiri.

Maneno «mahali palepale, dakika ileile» yasiachwe. Kasi ya mnara inagawanywa kati ya wote waliounganishwa nao, kwa hiyo kulinganisha kampuni moja ya mchana na nyingine ya jioni ni kulinganisha mchana na jioni. Kipimo kama fast.com kinasaidia, lakini nacho kinashusha data nyingi ili kupima, na data hiyo inakatwa kwenye kifurushi chako. Kwa kazi hii saa ya simu na ukurasa mmoja mwepesi vinatosha.

Kompyuta za siber, vile vibanda vya intaneti, zina ugonjwa wao ambao nimeona ukimchanganya hata mtu mzoefu. Tovuti zote zinagoma, kivinjari kinaandika kwamba muunganisho si salama, mteja anailaumu kampuni. Tazama pembe ya chini ya kioo: tarehe inasema 2009. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa mashine ikizimwa. Betri ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini iko 2009 inavikataa vyote. Hakuna mpangilio wa kivinjari utakaoponya hilo. Inatakiwa betri mpya na kusahihisha saa. Na kwa mashine zilizobaki kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 mwaka 2023. Tovuti mpya zikianza kuvunjika humo, hilo ni suala la umri, lisiitwe kasi.

MAMA: Haya, mmepima. Simu yangu ni nzima, laini inakwenda kiasi, ila mega zinakwisha. Nibadilishe nini?

MWANAFUNZI: Video kwanza. Firefox ya simu ina sehemu ya «Lecture automatique». Humo unaweza kuzuia sauti na video zisijianzishe, na ukipenda, zizuiwe pale tu unapotumia data ya simu. Hapo unapunguza sekunde na mega kwa pamoja. Kisha, Firefox hiyohiyo inakubali kiendelezi cha kuzuia matangazo, uBlock Origin. Chrome ya simu haikubali viendelezi.

MZEE: Matangazo ni uzito kiasi gani? Picha mbili tatu?

MWANAFUNZI: Uzito ni nusu ya habari, Papa. Safari ndiyo nusu nyingine. Kila tangazo linaita seva yake, mbali na ya tovuti.

Nieleze safari hiyo, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea. Mwanga ndani ya uzi wa kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Ulaya na kebo inayotufikisha ina kilomita 15,000: kwenda na kurudi ni sekunde 0.15, na hiyo ni bila kuhesabu mnara wala mitambo ya njiani. Kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, simu lazima iulize jina la tovuti liko kwenye anwani gani, ipige hodi kwenye seva, wakubaliane namna ya kuficha mazungumzo, ndipo iombe ukurasa. Safari nne. Zote zikienda mbali hivyo, sekunde 0.6 zimekwisha na hujaona kitu. Sasa ukurasa ukiita seva ishirini tofauti za matangazo na ufuatiliaji, kila moja inadai hodi yake. Ndiyo maana hata kwenye laini yenye kasi nzuri ukurasa unaweza kusuasua, na ndiyo maana kuzuia matangazo kunasikika mara moja. Wanaoshauri kubadilisha DNS, mathalani kuweka 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google, wanagusa ile safari ya kwanza tu kati ya nne. Kama DNS ya kampuni yako inachelewa utaona nafuu. Vinginevyo hakuna cha kutegemea hapo.

FUNDI: Mimi huwa nawasha «Précharger les pages» kwenye Chrome. Kivinjari kinabashiri utagusa wapi, kinaleta ukurasa mapema. Ukigusa, tayari.

MAMA: Na nisipogusa?

FUNDI: Data imeshatumika.

MAMA: Izime.

Mfano safi kabisa wa mizani miwili kugombana. Mwenye Wi-Fi ya ofisi aiwashe. Anayenunua mega aizime. Kurasa ni zilezile na kivinjari ni kilekile.

FUNDI: Basi kuna Opera Mini. Ipo tangu 2005 na imetengenezwa kwa laini kama zetu. Seva zao zinafungua ukurasa, zinaubana, zinakutumia ulio mwembamba. Ubora wa picha unachagua mwenyewe, au unazizima kabisa.

MWANAFUNZI: Naitumia kusoma habari. Lakini kwenye hali ya kubana kupita kiasi, seva yao ndiyo inayousoma ukurasa kabla yako. Mambo ya benki na maneno ya siri siyapitishi humo.

MAMA: Na wewe unaandikaje kazi ya chuo kwa hali hii?

MWANAFUNZI: Simu yangu ina RAM ya gigabaiti 2, Mama. Nikisoma makala, nikatoka kujibu ujumbe, nikirudi ukurasa unaanza kufunguka upya, kwa mega zangu, kwa sababu simu imeutupa ipate nafasi. Nimejifunza kuushusha. Kwenye menyu ya Chrome kuna mshale unaoelekea chini; ukiugusa, ukurasa wote unabaki ndani ya simu na unasomeka bila mtandao. Alfajiri, mnara ukiwa mtupu, nashusha ninavyohitaji. Mchana nasoma.

Hilo la mshale natamani lifundishwe kila shule ya sekondari ya Haut-Katanga. Linaokoa sekunde, linaokoa mega, na halidai simu mpya.

MZEE: Nimekubali kwamba kuna ubovu ulio mikononi mwetu. Ila msije mkamaliza mjadala mmemwachia Mama kazi yote. Anazima hiki, anabana kile, anaamka alfajiri. Waliojenga mnara mdogo kwa mtaa mkubwa watajibu lini? Kodi ile ya kusajili simu, iliyoitwa RAM, iliyoanza 2020 ikikatwa kwenye uniti zetu bila kutuuliza, iliondolewa 2022. Kilichoiondoa ni kelele za watu.

FUNDI: Kelele zina nguvu zikiwa na namba, Papa. Mtu akisema "rezo mbaya", kampuni inamjibu zima simu uwashe. Akisema: mtaa huu, tarehe hizi, saa mbili usiku, simu mbili tofauti, ukurasa huuhuu, sekunde arobaini; na alfajiri sekunde nne, hana simu mbovu huyo.

Nakubaliana nao. Mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ARPTC, ndiyo inayotoa leseni na ndiyo inayopaswa kupelekewa namba za namna hiyo. Mwaka 2025 iliipa leseni Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ambayo mwaka mmoja kabla iliihesabu kuwa nje ya sheria. Kwa mwenye uwezo wa kununua vifaa vyake, ni njia isiyosubiri kebo ya Muanda. Kwa Mama haijabadilisha kitu bado.

Lakini katika mjadala huu kuna mtu ambaye hakuwepo na ndiye ninayemdai zaidi: mtengenezaji wa kurasa. Kampuni inahitaji mamilioni ya dola kuongeza mnara. Yeye anahitaji alasiri moja kupunguza picha. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikielekea Florida, CNN ilitoa toleo la maandishi matupu la tovuti yake ili watu wenye mtandao dhaifu wapate habari, na toleo hilo halikuondolewa. Mtandao dhaifu ule wa siku za kimbunga ni mtandao wa Likasi wa jioni ya kawaida. Lubumbashi, kilomita mia na ishirini hivi kutoka hapa, kuna LUBIX, kituo ambako mitandao ya nchini inabadilishana data bila kuipeleka ng'ambo. Tovuti ya shule au ya wilaya iliyohifadhiwa karibu nacho haina haja ya kuvuka bahari kumfikia mtu wa mtaa wa pili.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayetengeneza ukurasa wa matokeo ya mitihani, wa chuo, wa hospitali au wa ofisi ya mkoa kwa ajili ya watu wa Katanga: kabla hujautangaza, uufungue kwa simu yenye RAM ya gigabaiti 2, iliyobanwa kwenye 3G, saa mbili usiku, ukiwa Likasi, kwa mega ulizonunua mwenyewe. Ukipita sekunde kumi, urudi kazini uupunguze.